Gari "linatembea", lakini mkono wa nyuma umepinda

Sisi watu wa Pwani ugonjwa wa gari tunaoujua zaidi ni kutu. Mtu akienda kununua Prado ya mtumba, jambo la kwanza huinama kutazama kama chumvi ya bahari imekula chesisi. Ni sawa kabisa. Lakini gari lililofanya kazi bara, kwenye vilima vya majani chai, lina ugonjwa wake mwingine usioonekana kwa rangi: kupinda kwa mikono ya ekseli ya nyuma. Nataka leo tuuelewe ugonjwa huu, maana unaweza kuua, na tiba yake ya gereji nyingi si tiba.

Masika iliyopita tulikwenda kuzika Ikonge, kaunti ya Nyamira. Kule mvua kwa mwaka hupita milimita 1,200, na ule udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Prado ya mwenzetu iliteleza ikaingia mtaroni. Majirani, Mungu awajazi kheri, wakaja na mnyororo na trekta. Ndoano ya kuvutia ilikuwa imezama kwenye tope, basi mnyororo ukafungwa palipofikika, yaani katikati ya mkono wa chini wa kushoto. Gari likatoka, na mkono nao ukatoka umepinda kama upinde. Fundi kijana wa pale akauchungulia, akaniambia: "Ustadh, si linatembea? Tulichome moto kidogo tulinyooshe, mwende zenu."

Swali lake ndilo wanalouliza wengi. Jibu linahitaji kuujua mkono wenyewe na kazi yake.

Magari kama Prado, na Nissan Patrol za Y60 na Y61, nyuma yana ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za koili. Koili hubeba uzito tu. Haiwezi kuizuia ekseli isisogee mbele au nyuma. Kazi hiyo hufanywa na mikono minne, miwili ya chini na miwili ya juu, na wa tano uliokingama ambao huzuia ekseli isiende kando. Kila mkono una bushi ya mpira kila ncha, na umefungwa chesisi upande mmoja na ekseli upande wa pili. Land Cruiser pikapu yenye springi za mabamba haina mikono hii; mabamba yenyewe ndiyo yanayoshika ekseli.

Sasa, unapokanyaga mafuta kupanda kilima, magurudumu ya nyuma yanaisukuma ekseli mbele, na ekseli inalisukuma gari kupitia mikono ya chini. Kwa hiyo mkono wa chini unabanwa kutoka ncha zote mbili. Chukua ufito ulionyooka, usimamishe sakafuni, ubonyeze kwa kiganja: utastahimili. Chukua mwingine uliopinda kidogo, ubonyeze vilevile: utazidi kupinda papo hapo. Mjenzi wa Lamu hasimamishi nguzo iliyopinda chini ya dari, na sababu ni hiyo hiyo. Chuma kilichokwisha kupinda hakisubiri pigo la pili kubwa; kila kilima kinaongeza kidogo.

Wengi hudanganyika na vipimo. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 50 na umepinda sentimita 2 katikati. Ukipima kutoka bolti hadi bolti utakuta umepungua kama milimita 2 tu. Gari litakwenda karibu sawa, na dereva atasema hakuna neno. Lakini nguvu ya mkono imeshapungua sana. Ukifika kupinda sentimita 4, umepungua zaidi ya nusu sentimita. Ukipungua sentimita 1 kamili, na mikono miwili imeachana mita 1, ekseli inataka kwenda kando mita 1 katika kila mita 100. Hapo ndipo usukani unakaa upande barabara ikiwa imenyooka, matairi yanalika vibaya, na gari linatembea kama kaa. Ukingoja dalili hizo, umechelewa.

Basi usitegemee futi peke yake. Chukua uzi wa mwashi, uvute kutoka ncha hadi ncha ya mkono, utazame katikati. Linganisha kushoto na kulia, kwa sababu mikono mingine ina umbo lake la kiwandani. Halafu tazama kama gurudumu limekaa katikati ya upinde wa bodi pande zote mbili. Mwisho safisha tope kwenye breketi za chesisi na za ekseli, utafute ufa. Breketi ikiwa na ufa, gari lisiondoke kwa magurudumu yake, libebwe.

Usipeleke gari hilo kwenye alainimenti ukidhani utapona. Ekseli nzima ya nyuma kwa kawaida haina pa kurekebisha. Watakachofanya ni kugeuza magurudumu ya mbele yafuate kosa la nyuma.

Na moto wa yule kijana? Moto huunguza mpira wa bushi na unaweza kulegeza chuma. Kiraka cha kuchomelea juu ya pindo ni kibaya zaidi, maana chuma hupenda kukatika ukingoni mwa weldingi. Kama uko mbali na hakuna budi, toa mkono, unyooshwe baridi kwa presi au jeki, kisha utie nguvu kwa chuma cha pembe kinachokwenda karibu urefu wote. Hiyo ni dawa ya kukufikisha mjini, nayo ni mwendo wa taratibu, bila mizigo, bila abiria.

Ndivyo tulivyofanya. Kina mama na watoto walipanda basi, mwenye gari akanuna, gari likashuka polepole hadi Kisii, na mkono ukaagizwa Nairobi. Safari ya kurudi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Mkono ukikatika ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, ekseli hugeuka yenyewe, na hapo dereva hana tena usukani wa kumsaidia.

Ukinunua mkono wa mtumba, nenda dukani na uzi wako. Tia bushi mpya. Na mwambie fundi asikaze bolti za mwisho gari likiwa juu ya jeki. Likae chini kwa uzito wake kwanza. Ukikazwa likiwa limening'inia, mpira wa bushi unabaki umejikunja na utachanika mapema. Wako wanaofunga mikono minene zaidi kwa safari za porini. Ni vizuri, ila jua kwamba mkono usiopinda hupeleka pigo kwenye breketi, basi breketi nazo zitazamwe.

Kinga ni rahisi kuliko yote haya. Jeki iwekwe chini ya ekseli, si chini ya mkono. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chesisi. Kama imezama, chimbeni tope kwanza, dakika kumi tu. Mvuta mkono katikati ni kama mvuta uzi wa upinde.

Na wewe unayetafuta gari la mtumba hapa Mombasa, ukimaliza kutafuta kutu, jongea nyuma hatua mbili, ulale chini, uvute uzi. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini na gari linatembea, mwambie unajua linatembea. Unataka kujua litasimama wapi.