Bangi: Kati ya Tasfida na Chuku

Kazi yangu ni isimu, wala si utabibu. Msomaji basi ana haki ya kuniuliza nimefuata nini katika mjadala wa bangi, ilhali wapo madaktari wa kutosha wa kuuzungumzia. Jibu langu ni kwamba nilifuata maneno, na maneno hayo yakanifikisha kwa mwanafunzi niliyempoteza.

Neno lenyewe, bangi, lilivuka Bahari ya Hindi likitokea Bara Hindi, ambako asili yake ni ya kale mno. Lakini wanaoitumia hawapendi kulitamka. Waarabu waliiita hashishi, yaani nyasi kavu. Waingereza huiita gugu. Vijana wetu huiita majani, mmea, boza au ndom, na kila mwaka Sheng huzaa jina jingine. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaijua istilahi ya tabia hii: tasfida, yaani kulivisha jambo zito neno jepesi ili lisitishe. Tasfida ina heshima yake msibani. Kwa kijana wa miaka 15 anayenyoshewa msokoto nyuma ya bweni, huweza kuwa mlango wa kuingilia.

Sisi walimu na wazazi tuna kosa letu, nalo ni kinyume cha hilo. Sisi hupiga chuku. Tunamwambia kijana kwamba akivuta mara moja tu ataokota makopo barabarani. Kijana anatazama: rafiki yake alivuta Ijumaa, na Jumatatu akaongoza darasa katika mtihani wa hesabu. Tangu siku hiyo haamini neno letu lolote, hata lile la kweli.

Miaka kadhaa iliyopita alikuwapo darasani kwangu kijana mwenye sikio la ajabu. Ungemtamkia sentensi ya lugha asiyoijua naye akakutajia toni zake moja baada ya nyingine. Nilikwisha kumwekea akilini mwangu nafasi ya masomo ya uzamili. Alipofika mwaka wa tatu aliniletea insha ambayo aya yake ya pili na ya nne zilikuwa na hoja ile ile, kwa maneno tofauti kidogo, wala hakuwa ametambua. Nikaandika pambizoni kwa wino mwekundu: “Uvivu.”

Nilipomwita ofisini hakunificha. Alianza kuvuta akiwa kidato cha pili, na sasa alivuta kila jioni. Nami, msomi mzima, nikampigia chuku ile ile ya makopo. Akatabasamu kwa adabu, akasema, “Mwalimu, ni majani tu.” Tukaagana, kila mmoja na uwongo wake.

Je, ningemwambia nini siku ile kama ningeyajua ninayoyajua leo?

Ningemwambia kwanza habari ya kumbukumbu. Mwaka wa 1964 wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, huko Israeli, waliitenga kemikali ya bangi inayolevya, tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa kifupi huitwa THC. Mwaka wa 1992 Mechoulam na wenzake waligundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Wakaiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Anandamidi ya mwili hutolewa kwa kiasi kidogo, ikafanya kazi yake, ikavunjwa upesi. THC huja kwa wingi na kukawia. Aidha, huingia kwa nguvu katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya, nayo ndiyo mwanafunzi anayoitegemea kila siku. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 15 anaichezea nyumba ambayo bado inajengwa.

Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka wa 1972 na 1973. Mwaka wa 2012 walitangaza kwamba walioanza bangi ujanani na kuendelea nayo kwa miaka mingi walikuwa wamepoteza, kufikia umri wa miaka 38, hadi takriban alama 8 katika vipimo vya akili. Watafiti wengine waliolinganisha mapacha, mmoja mtumiaji na mwenziwe sivyo, hawakuipata tofauti hiyo, wakahoji kama chanzo si malezi na mazingira. Nayataja yote mawili makusudi. Mwanafunzi akigundua kwamba nilimficha upande mmoja, nitakuwa nimerudi kwenye chuku.

Pili, ningemweleza habari ya maradhi ya akili. Nchini Uswidi makuruta zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka wa 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 zaidi ya wasioitumia. Mambo mengine ya maisha yao yalipozingatiwa, tofauti hiyo ilipungua lakini haikutoweka. Mwaka wa 2019, utafiti uliofanywa Ulaya na Brazili uliwakuta watumiaji wa kila siku wa bangi kali wakiwa na hatari ya kurukwa na akili takriban mara 5 ya wasioitumia. Wavutaji walio wengi hawapatwi na maradhi hayo. Lakini hatari hukua kwa anayeanza mapema, anayevuta kila siku, anayevuta iliyo kali, na aliye na jamaa mwenye ugonjwa huo. Nani kati ya wanafunzi wetu anayeijua vyema historia ya ukoo wake?

Tatu ni utumwa. Imezoeleka kusemwa kwamba bangi haimfungi mtu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mtu 1 kati ya 10 wanaoijaribu hushindwa kuiacha, na kwa walioanza ujanani ni 1 kati ya 6. Akijaribu kuacha hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, na hasira humpanda kwa jambo dogo. Fauka ya hayo, moshi wake huleta kikohozi na makohozi ya kudumu, na baadhi ya watumiaji wa miaka mingi hushikwa na kutapika kusikokoma. Kuhusu saratani ya mapafu, ushahidi haujawa thabiti kama ulivyo kwa tumbaku, nami sitauongezea chumvi.

Kuna wanaojibu kwamba bangi ni dawa. Ni kweli kwamba mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa cha aina adimu iliyotokana na mmea huo. Lakini dawa hiyo ni kanabidioli, kemikali isiyolevya, iliyosafishwa na kupimwa, na hutolewa na daktari. Kuulinganisha msokoto na dawa hiyo ni tasfida nyingine.

Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulikadiria kuwa zaidi ya Wakenya 500,000 wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi. Hatuwezi kuwafukuza shule na vyuo wote walio miongoni mwao. Anayefukuzwa huacha masomo, lakini haachi bangi. Tena liko jambo la kututia moyo: huko Boston, Marekani, vijana wa miaka 16 hadi 25 walioacha kwa mwezi mmoja walipimwa, na uwezo wao wa kujifunza mambo mapya ukaonekana kuimarika, hasa katika juma la kwanza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2018. Mwalimu anayemshawishi kijana apumzike kwa mwezi mmoja tu ana ushahidi wa kumwonyesha. Mwalimu anayetisha kwa makopo hana.

Kijana wangu hakuufanya mtihani wa mwisho. Mama yake alikuja kuchukua vitabu vyake, akaketi kwenye kiti kile kile alichokalia mwanawe. “Mwalimu,” akasema, “mwanangu anasikia watu wakizungumza katika chumba kisicho na mtu.” Baadaye akaongeza kwamba mjomba wa kijana naye aliugua hivyo zamani. Hakuna awezaye kuapa kwamba bangi peke yake ndiyo iliyomfikisha pale, wala mimi siapi. Naambiwa yuko nyumbani, anatumia dawa zake, na siku njema humsaidia mama yake dukani.

Insha yake ninayo hadi leo. Lile neno la wino mwekundu halikuwa kweli: hakuwa mvivu. Alikuwa amesahau kwamba alikwisha kuisema hoja yake, nami sikumwuliza sababu. Walimu wenzangu, mkikutana na insha ya namna hiyo, wekeni kalamu chini kwanza, mumwite mwenyewe mumwulize. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa ni majani tu, iiteni kwa jina lake, kisha mwulize aliyewaambia alianza lini, na kama anaweza kuacha kwa mwezi mmoja.