Maji ya moto inatoka kidogo kidogo? Usikimbilie kununua boila mpya

Kwenye nyumba nyingi za Goma na Bukavu zenye boila, malalamiko ni yale yale: maji ya baridi iko na nguvu, lakini ukifungua robine ya moto, inachuruzika tu. Wengi wanasema mara moja: boila imekufa. Hapana. Kazi ya boila ni kupasha maji, si kuisukuma. Maji ya moto inasukumwa na ile ya baridi inayoingia ndani ya boila. Nguvu ikipungua, kuna mahali njia imebanwa. Inafaa kupata mahali pale kwanza, kabla ya kutoa dola.

Swali la kwanza: ni maji yote ao ya moto tu? Kama na ya baridi iko hafifu, tatizo si boila. Pengine presha ya Regideso imeshuka, ao tanki iko chini sana. Kimo cha metre 10 kinatoa karibu bar 1. Tanki iliyo metre 3 juu ya dushi inatoa bar 0,3 tu. Hapo hata kizuizi kidogo kinaonekana haraka.

Kwa kuhakikisha, chukua ndoo ya litre 10 na saa ya telefone. Jaza kwa maji ya baridi, kisha kwa ya moto, kwenye robine ile ile. Kama baridi inajaza kwa dakika 1 na moto kwa dakika 3, mzibo uko upande wa moto.

Swali la pili: ni robine moja ao zote? Kama ni moja, angalia chini ya lavabo: tiyo laini imekunjika, ao vane ndogo haikufunguliwa yote. Ndani ya robine, mpira unaweza kuvimba juu ya joto. Chujio la mdomoni nalo linashika mchanga, lifungue, lioshe.

Kama ni robine zote za moto, anzia kwenye boila. Vane ya kuingiza maji mara nyingi inabaki nusu baada ya matengenezo. Baada yake kuna kifaa cha usalama, chenye klape inayozuia maji isirudi nyuma. Klape ikikwama, maji inapita kwa shida. Kisha kuna chokaa: maji yenye madini mengi, kama ya Ziwa Kivu, ikipashwa inaacha chokaa ndani. Alama yake ni boila kunguruma kama sufuria na kukawia kupasha. Nyumba za zamani zenye tiyo za chuma ziko na kutu. Asubuhi maji ya kwanza inatoka nyekundu-nyekundu.

Hapa ndipo hatari inapoingia. Watu wengine, wakiona kifaa cha usalama kinadondosha maji, wanakiziba kwa mpira ao kwa kipande cha mti. Hiyo inaweza kuua. Maji ikipashwa inapanuka: kwenye litre 100, karibu litre 2 inatafuta pa kutokea. Supape nyingi zinafunguka kwenye bar 7. Ikizibwa, na kifaa kinachopima joto kiharibike, boila inaweza kupasuka. Kudondosha kidogo wakati wa kupasha ni kawaida. Ikidondosha mchana na usiku, fundi aibadilishe.

Kabla ya kufungua boila, kata kura kwenye dizonkteri na uache maji ipoe. Watoto wakae mbali. Baada ya kazi, jaza boila kwanza, robine ya moto ikiwa wazi mpaka maji itoke bila hewa. Ndipo kura irudishwe, kwani rezistansi ikiwaka bila maji inaungua.

Fundi akifika, mama ao baba wa nyumba amwambie mambo matatu: robine gani, tangu lini, na ndoo ilijaa kwa dakika ngapi. Akisema tu "nunua mpya" bila kugusa vane wala klape, ni haki kumuomba aonyeshe mzibo uko wapi.