Umbo na Hukumu Yake

Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa, mwaka 1954, kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, aliziweka katika maandishi kanuni ambazo malenga wa pwani walikuwa wakizirithishana kwa sikio: mishororo minne kwa ubeti wa tarbia, mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mfuasi wa kanuni hizo huhesabu kwanza, ndipo asikilize. Na Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tungo zisizofungwa na vina wala mizani, walikuwapo waliokataa katakata kuziita mashairi, si kwa kuwa hazikusema kitu, bali kwa kuwa zilikikosa kipimo.

Fikra hiyo, ya kwamba kitu huhukumiwa kwa umbo lake kabla ya kilichomo ndani, ina makao mengi. Katika dini hudhihiri kwa atimizaye rukuu na sijida ilhali moyo haupo, ingawa si haki kuilaumu sheria, maana mafakihi wa Kishafii, wafuatwao na wengi wa pwani yetu, wameihesabu nia yenyewe miongoni mwa nguzo za swala. Katika maadili, Immanuel Kant, mwaka 1785, alimtaka mtu aulize kama kanuni ya tendo lake yaweza kuwa sheria ya wote: akopaye kwa ahadi ya uongo ataona kwamba, lau kila mtu angefanya vivyo, pasingebaki wa kuiamini ahadi.

Lakini aliyelifikisha jambo hili ukomoni ni David Hilbert wa Göttingen, ambaye inasimuliwa alisema kwamba nukta, mistari na bapa za jiometri zaweza kuitwa meza, viti na bilauri za bia, na hoja zisitikisike. Katika miaka ya 1920 alitumaini kuzithibitisha hisabati kuwa hazina mgongano, kwa kuzitazama kama alama tupu zinazosogezwa kwa kanuni mfano wa kete za bao. Mwaka 1931 Kurt Gödel, akiwa Vienna, alionyesha kwamba mfumo wa namna hiyo, ukitosha kwa hesabu za namba nzima na ukiwa hauna mgongano, hauwezi kujithibitishia usalama huo kwa nyenzo zake wenyewe. Wala hakulifikia hilo kwa kulidharau umbo, bali kwa kulishika barabara kuliko wengine wote, akaipa kila alama namba yake, hata kauli za mfumo zikaweza kuuzungumzia mfumo wenyewe.