Utangulizi: Kuchunguza Kiingereza cha Garsen

Huenda umeliona somo la Mbinu za Utafiti kwenye ratiba ya uzamili na roho ikakushuka. Wanafunzi wengi wa isimu ya Kiingereza hulivumilia tu ili waruhusiwe kuandika tasnifu. Mimi nalipenda kuliko masomo mengine yote ya shahada hiyo, na nitakuonyesha sababu kwa kukaa mahali pamoja: Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana.

Nimepachagua kwa sababu Kiingereza hapo hakiji kwenye uwanja mtupu. Wapokomo wanaolima kandokando ya mto huzungumza Kipokomo, ndugu wa Kiswahili na lugha za Mijikenda katika kundi la Kibantu liitwalo Kisabaki. Wafugaji Waorma huzungumza Kiorma, lahaja ya Kioromo, lugha ya Kikushi isiyo na udugu wowote na Kibantu. Sokoni na stendi wote hukutana katika Kiswahili. Kisha mtoto anafika darasa la nne na sera ya elimu inataka afundishwe kwa Kiingereza.

Tuseme umepata rundo la insha za kidato cha pili. Katika moja unakuta “furnitures”, katika nyingine “equipments”. Kama wewe ni mwalimu, na wengi wenu ni walimu, mkono unakwenda kwenye kalamu nyekundu. Uzuie. Kwa msahihishaji wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hilo ni kosa, na Jumatatu ukirudi darasani utalisahihisha. Kwa mtafiti hiyo ni data, yaani taarifa ghafi zilizokusanywa kwa utaratibu ili zijibu swali. Isimu ni taaluma elezi: hueleza watu wanavyosema na kuandika, kisha hutafuta sababu. Usiposhika hatua hii, sura zote zinazofuata zitakuwa hesabu ya makosa tu.

Sasa tunahitaji swali. “Kiingereza katika Garsen” ni mada, bado si swali. Swali la utafiti ni lile unaloweza kusema mapema ni data gani italijibu. Jibu unalolikisia kabla ya kwenda uwandani huitwa nadharia tete, na sharti lake ni kwamba iweze kukanushwa. Hapa ndipo karibu kila mgeni huandika sentensi hii: wanafunzi Wapokomo huandika “furnitures” kwa sababu ya athari ya Kipokomo. Inasikika ya kisomi. Lakini hebu mtazame Muorma anayeketi dawati lilelile. Naye ameandika “furnitures”? Na yule wa Kisumu anayezungumza Kijaluo nyumbani? Maumbo ya namna hii yameripotiwa kote nchini. Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu sifa za sarufi ya Kiingereza cha Kenya na kiwango ambacho Wakenya wenyewe huzikubali. Iko pia kopasi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki iliyokusanywa miaka ya 1990 chini ya Josef Schmied. Kopasi ni mkusanyo mkubwa wa matini halisi, uliopangwa ili uweze kupekuliwa kwa kompyuta. Ukikuta huko umbo lilelile kwa watu wasiowahi kukisikia Kipokomo, basi Kipokomo hakina hatia, na itakubidi utafute maelezo ndani ya Kiingereza chenyewe.

Kazi hiyo huitwa ulinganishi, na mfano wake bora zaidi ninaoujua haukutoka kwenye Kiingereza. Umetoka juu kidogo ya mto huohuo. Wailwana, ambao wengine huwaita Wamalakote, huzungumza lugha ya Kisabaki iliyobadilika mno. Mwanaisimu Derek Nurse, ambaye pamoja na Thomas Hinnebusch alikuwa ametoa historia ya Kiswahili na Kisabaki mwaka 1993, aliirudia lugha hiyo katika kitabu cha mwaka 2000 na kueleza namna Kiorma kilivyoiathiri. Dai la namna hiyo haliwezi kusimama kwa kutazama Kiilwana peke yake. Unaziweka lugha dada kando yake. Sifa ya Kiilwana ambayo Kipokomo, Kiswahili na Kigiriama, mojawapo ya lugha za Mijikenda, hazina, lakini Kiorma kinayo, ndiyo inayostahili kushukiwa kuwa ya kuazima. Ukiielewa hoja hiyo, umeelewa nusu ya kozi.

Msamiati uliobaki sasa ni mwepesi. Kitu kinachobadilika kutoka mtu hadi mtu huitwa kigeu. Lugha ya nyumbani ni kigeu huru; umbo la wingi analoliandika mwanafunzi ni kigeu tegemezi, kwa kuwa tunashuku linategemea kile cha kwanza. Ukihesabu, utafiti wako ni wa kiidadi. Ukichunguza maana na sababu kwa mahojiano ya kina, ni wa kithamano. Usichague kambi kabla ya kuwa na swali. Sampuli nayo ni wale wachache unaowachagua wawakilishe wengi. Shule moja ya mjini Garsen haiwezi kuisemea kaunti nzima ya Tana River yenye watu 315,943, idadi ya sensa ya 2019.

Kwenye usemi kuna ugumu zaidi. Tunataka kusikia watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, na njia ya kusikia ni kuwachunguza. Mwanaisimu William Labov alikiita hiki kitendawili cha mtazamaji. Mwaka 1962, katika maduka matatu makubwa ya New York, aliwauliza wafanyakazi mahali pa bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne. Jibu lilikuwa na maneno mawili yenye sauti ya r, naye akasikiliza kama wanaitamka. Akapata watu 264 bila yeyote kujua. Leo kamati ya maadili ingemhoji sana!

Na wewe itakuhoji. Utahitaji kibali cha NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), ridhaa ya wazazi, na ya watoto wenyewe. Zaidi ya hayo, pima hojaji yako kwa masikio ya wenyeji. Mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliyozuka delta mwaka 2012 yaliua zaidi ya watu 100. Hojaji inayoanza na “Wewe ni kabila gani?” itafunga milango, na hata kitaaluma ni mbovu, maana kabila si lugha. Uliza anazungumza nini na nyanya yake, na rafiki zake, na muuza duka. Panga safari nje ya miezi ya mvua pia. Mto ukifurika barabara hukatika.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, fanya zoezi dogo. Omba insha kumi katika shule iliyo karibu nawe, majina yakiwa yamefutwa. Orodhesha kila nomino iliyopewa wingi usiokubaliwa na kamusi. Kando yake andika sababu unayoidhania, na kando ya sababu andika ni data gani ingekuonyesha kwamba sivyo. Ukikwama kwenye safu hiyo ya tatu, usihofu: sura ya kwanza inaanzia hapo.