Kushusha Sauti ya Muziki Bila Kupunguza Mwendo

Ndugu wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, hakuna miongoni mwenu asiyejua kwamba gwaride huongozwa na sikio kabla ya jicho. Ngoma kubwa ikilia, mguu wa kushoto hushuka. Lakini si kila kambi iliyo na bendi yake, na mara nyingi muziki wa gwaride hutoka katika vipaza sauti, nao ulirekodiwa kwingine na watu wengine. Hapo ndipo huzuka taabu ambayo leo twapenda kuieleza pamoja na dawa yake.

Muziki huo huenda ukawa juu mno kwa vifua vya askari. Wapiga tarumbeta waliourekodi walichagua kimo kilichofaa vyombo vyao, wala hawakuzifikiria koo za watakaouimba alfajiri. Kikosi kifikapo kwenye kilele cha wimbo, nusu hunyamaza na nusu hupiga kelele, na wimbo uliokusudiwa kuwa wa heshima hugeuka aibu. Basi mkuu wa gwaride huamuru ushushwe kidogo. Je, utashushwaje?

Zamani palikuwa na njia moja iliyo nyepesi: kupunguza kasi ya santuri au ya utepe. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo ikiwa mingi kwa sekunde, sauti huwa ya juu. Ikiwa michache, huwa ya chini. Wataalamu waliokutana London mwaka 1939 walipatana kwamba noti ya La, ambayo kwayo vyombo hupatanishwa, iwe na mitetemo 440 kwa sekunde. Ukipunguza kasi ya utepe, mitetemo hupungua. Lakini mwendo wa wimbo nao hupungua kwa kiasi kile kile. Aliyepata kupiga santuri ya mizunguko 45 kwa dakika katika kasi ya 33 aliyasikia yote mawili kwa pamoja.

Na tupige hesabu. Kushusha wimbo toni moja nzima, ile La ya 440 hurudi 392, yaani kasi hupunguzwa karibu asilimia 11. Wimbo wa hatua 120 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa haraka katika majeshi mengi, huwa wa hatua 107. Hatua 13 zimepotea kila dakika. Koo zimepata nafuu, lakini miguu imeharibikiwa.

Aliyeonyesha njia ya kuvitenganisha viwili hivi ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, na ambaye mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa uvumbuzi mwingine. Katika maandishi yake ya mwaka 1946 alieleza kwamba sauti yaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa vipande vidogo sana. Ukiisha kuikata hivyo, kila kipande hunyooshwa ili mitetemo yake ipungue. Kwa kuwa vipande sasa vimerefuka, baadhi huachwa, na vilivyobaki huunganishwa ncha kwa ncha kama ukili wa mkeka, hata wimbo urudie urefu wake wa kwanza. Ukitaka kupandisha, vipande hufupishwa, na baadhi hurudiwa ili kujaza pengo.

Mwaka 1975 kampuni ya Eventide ya Marekani ilianza kuuza chombo kiitwacho H910, kilichoifanya kazi hiyo papo hapo wimbo ukiendelea. Siku hizi programu ya kompyuta, au hata ya simu ya mkononi, hufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, dawa hii ina kipimo chake. Ukishusha mno, mlio wa ngoma hufifia mahali vipande vilipoungwa, na sauti ya mwimbaji huwa kama ya zimwi, kwa maana mwangwi wa koo na kinywa chake umeshushwa pia. Toni moja yatosha mara nyingi. Ihifadhini rekodi ya asili bila kuigusa. Kisha, kabla ya siku ya gwaride, shikeni saa mkazihesabu hatua kwa dakika nzima. Zikiwa 120 kama kwanza, kazi imefanywa sawasawa.

Tena twawakumbusha jambo moja, hasa ndugu zetu wa upelelezi. Kinachoweza kufanyiwa wimbo chaweza kufanyiwa maneno ya mtu. Zamani sauti iliyogeuzwa kwa kasi ya utepe ilijifichua yenyewe, kwa kuwa msemaji alisikika akikimbia au akijivuta. Leo hubadilika kimo, na mwendo wake ukabaki wa mtu asemaye kwa utulivu. Basi amri iliyokuja kwa simu, au ushahidi uliorekodiwa, usipokewe kwa kulitegemea sikio peke yake. Amri na ithibitishwe kwa njia zilizowekwa, na rekodi ya kwanza itafutwe na kutunzwa. Sikio la askari ni silaha njema, nayo kila silaha yataka kukaguliwa.