Udongo wa Kurasini na majani tunayochoma kila asubuhi

Pita mtaa wowote wa Kurasini saa moja asubuhi, utakutana na mambo mawili. La kwanza ni malori yanayosubiri kuingia bandarini. La pili ni moshi. Mtu amefagia uwanja, amekusanya majani ya mwembe na mwarobaini kwenye kona, kisha akapiga kiberiti. Baada ya nusu saa yamebaki majivu, na uwanja unapendeza.

Jioni ya siku hiyo hiyo, mtu yule yule anaweza kumwita kijana wa toroli amletee viroba viwili vya udongo mweusi kwa ajili ya kitalu chake cha mchicha, kwa sababu "mchanga wa hapa haubebi kitu". Yaani jioni ananunua kile alichokichoma asubuhi.

Mada hii imetoka kwa mama yangu mdogo, anayeishi Kurasini. Alinipigia simu: "Wewe si unasoma mambo ya udongo? Njoo uniambie matembele yangu yanaumwa nini." Nilikuta majani ya chini yamekuwa ya njano na mashina yamedumaa. Maji alikuwa anamwagilia. Mwezi wa tatu alikuwa ameweka viroba vitatu vya samadi, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Nikachimba kidogo kwa kijiko: mchanga mtupu, wa rangi ya biskuti. Akaniuliza, "Sasa ile samadi imeenda wapi, mwanangu?"

Ni swali zuri sana. Ukilijibu vizuri, umeshaelewa karibu kila kitu kuhusu udongo wa bustani za Dar es Salaam.

Samadi imeenda wapi?

Imeondoka kwa njia mbili: nyingine imeshuka chini na maji, nyingine imepanda hewani.

Tuanze na ya chini. Udongo wa sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani ni kichanga. Sasa piga picha chembe za mchanga wa kawaida. Ukichukua gramu moja ya mchanga huo na kujumlisha nyuso za chembe zake zote, unapata eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja chako. Gramu moja ya mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, inaweza kukupa eneo la sakafu ya chumba kizima. Virutubisho vingi hushikiliwa kwenye nyuso hizo. Kwa hiyo kichanga hakina mahali pa kuvishika. Nitrojeni ikishabadilika kuwa naitreti, inayeyuka kwenye maji na kuteremka nayo. Dar hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na nyingi hudondoka masika, mwezi wa tatu hadi wa tano. Mama mdogo aliweka samadi masika yanaanza. Sehemu ya nitrojeni yake ilisafiri kwenda chini kuliko mizizi ya matembele inakofika.

Ile ya hewani watu wengi hawaifikirii. Ndani ya udongo kuna bakteria, kuvu, nyungunyungu na wadudu wengine wasiohesabika, na wote wanakula. Wanakula samadi, mizizi iliyokufa, majani. Na kama wewe na mimi, wakila wanapumua nje kabonidayoksaidi. Kwa kawaida kasi ya kazi yao huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. Wastani wa joto la Dar kwa mwaka ni kama nyuzi 26, wa London ni kama 11. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha bustani cha Uingereza kinachosema "weka mboji mara moja kwa mwaka", ujue kiliandikwa kwa ajili ya wadudu wanaofanya kazi kwenye baridi. Wa kwetu hawapumziki.

Na kichanga kinazidisha tatizo. Mfinyanzi huweza kuzificha chembe za mboji zisifikiwe kirahisi na bakteria, lakini kwenye mchanga zimekaa wazi.

Hivyo tusiufikirie udongo wa Kurasini kama ghala la kujaza mara moja ukaondoka. Ufikirie kama mtoto anayekua: anakula kidogo, lakini kila mara.

Pima kwanza, kwa chupa

Kabla hujanunua chochote, chukua chupa angavu yenye mdomo mpana. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, weka tone la sabuni ya maji, funika na utikise kwa dakika kadhaa. Iweke mezani. Kitakachotua ndani ya dakika moja ni mchanga. Tope laini hutua ndani ya saa chache. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na vipande vya majani na mizizi huelea juu. Chupa ya mama mdogo ilikuwa mchanga karibu yote, na mstari mwembamba tu wa tope. Akacheka: "Kumbe nalima ufukweni."

Ukipata matokeo kama hayo, huwezi kubeba mfinyanzi wa kutosha kubadilisha bustani nzima. Unachoweza kuongeza ni mboji, ambayo kwa uzito hushika virutubisho kuliko hata mfinyanzi mwingi, na inashika maji pia.

Chakula cha bakteria kina kanuni yake

Mboji ni mabaki yaliyokwisha kuliwa na kutafunwa na viumbe wadogo. Ili wafanye kazi haraka, wanahitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano unaofaa. Mwili wa bakteria una takriban sehemu 8 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Lakini wakati anajenga mwili huo anachoma kaboni nyingine, kama sehemu 16, kupata nguvu. Jumla ni 24 kwa 1. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kutengeneza mboji ni uwiano wa kati ya 25 na 30 kwa 1.

Majani makavu ya mwembe yana kaboni nyingi kupita kiwango hicho. Maranda ya seremala yamezidi mno, yanafika mamia kwa 1. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi. Maganda ya mboga, ndizi na papai yako kati, ila yana maji mengi. Ukitumia majani makavu peke yake, rundo litakaa miezi bila kubadilika. Ukitumia maganda mabichi peke yake, litanuka mtaa mzima. Vichanganye.

Hivi ndivyo tulivyofanya sisi. Ndoo tatu za majani makavu yaliyovunjwavunjwa, ndoo moja ya vitu vibichi: maganda kutoka kwa mama lishe wa jirani, machicha ya nazi, na kinyesi cha kuku wa nyama pamoja na maranda yake. Rudia tabaka hizo hadi rundo lifike kama mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Likiwa dogo sana halitunzi joto. Maji yawe ya kiasi: ukishika konzi na kukamua, mkono ulowe lakini maji yasichuruzike. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku tatu au nne ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, bakteria wako kazini. Rundo likifika nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi hufa. Pindua kila wiki ili sehemu za nje ziingie ndani na hewa ipite.

Kwa joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Iliyoiva inanukia kama ardhi baada ya mvua na huwezi tena kutambua lilikuwa jani au ganda. Una shaka? Otesha punje chache za mchicha ndani yake. Zisipoota vizuri, subiri.

Mambo ya kuepuka: nyama, samaki na mafuta, maana panya wa Kurasini hawahitaji mwaliko. Kinyesi cha mbwa na paka nacho hapana. Na masika usitumie shimo. Maji yatajaa, hewa itaisha, na utapata uvundo badala ya mboji.

Samadi mbichi na mchicha wa siku 25

Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu ni suala la afya. Samadi mbichi inaweza kuwa na vimelea vya kuhara na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite angalau siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, kama sehemu inayoliwa inagusana na udongo, na siku 90 kama haigusani. Mchicha wetu unavunwa wiki tatu au nne tangu kuotesha. Piga hesabu mwenyewe: hakuna namna ya kuweka samadi mbichi kwenye kitalu cha mchicha ukabaki salama. Ipitishe kwenye rundo la moto kwanza. Zaidi ya hapo, kinyesi kibichi cha kuku huunguza miche. Nilijifunza hilo kwa gharama ya miche arobaini ya nyanya.

Kiasi gani, na mara ngapi?

Ndoo moja ya lita 20 ukiitandaza kwenye mita moja ya mraba inakupa unene wa sentimita 2. Anza na ndoo hiyo kila unapootesha upya katika mwaka wa kwanza, kisha punguza hadi nusu. Ichanganye juujuu tu, usilime kwa kina. Kila unapogeuza udongo unaingiza hewa, na bakteria wanaitafuna mboji kwa kasi zaidi.

Kisha funika. Matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa vidole vitatu, hupunguza joto la udongo, huzuia maji yasipotee kwa jua na huvunja nguvu ya matone ya mvua. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Baada ya mboga za majani, otesha kunde. Kwenye mizizi yake utaona vinundu. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waliomo wanakamata nitrojeni ya hewani. Rangi hiyo inatokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu. Ukimaliza kuvuna, kata shina, usiling'oe. Mizizi iachie udongo.

Na chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia? Zisage, zichanganye kwenye rundo la mboji tangu mwanzo, ili zinyonye virutubisho kabla hazijafika bustanini. Mkaa hauliwi kirahisi na bakteria. Kwenye bonde la Amazon kuna udongo mweusi ambao wakazi wa kale waliuacha na mkaa wao, na bado una rutuba hata baada ya mamia ya miaka. Tahadhari: mkaa na majivu ni vitu viwili tofauti. Majivu mengi hupandisha pH haraka, hasa kwenye kichanga.

Usidhani haya ni mageni kwetu. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hukata nyasi kwenye miteremko, huzipanga kwa miraba, kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika kwa udongo huo. Ndiyo kilimo cha ngoro. Nyasi zinaoza chini ya tuta na mashimo yanazuia mmomonyoko. Kiberiti hakihusiki.

Ambayo mboji haiwezi kuyatibu

Tuwe wakweli. Kurasini ni pwani, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, tatizo si njaa ya mbolea, na kuongeza samadi, ambayo nayo ina chumvi, kunalizidisha. Kinga maji ya mvua ya bati, na unapomwagilia maji ya kisima mwaga ya kutosha ili chumvi isukumwe chini. Spinachi huvumilia chumvi, maharage hayavumilii.

La pili ni madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kandokando ya barabara kubwa, gereji na sehemu za betri kuukuu bado ipo, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Mboji na pH iliyo karibu na 7 huifanya isinyonywe kirahisi na mimea, ila haiiondoi. Kama upo kando ya barabara ya malori, lima kwenye viroba au tuta lililoinuliwa lenye udongo kutoka mahali safi, weka matandazo ili mvua isirushe tope kwenye majani, na osha mboga vizuri. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana viwango vya kilimo hai mwaka 2007, vyenye nembo ya Kilimohai, lakini hata bustani isiyotumia dawa wala mbolea ya dukani haiwi salama kama ardhi yenyewe imechafuliwa. Historia ya kiwanja chako iulize kwa wazee wa mtaa.

Mama mdogo ana marundo mawili sasa: moja linaiva, jingine linajazwa. Matembele yamerudi kijani, ingawa kona ya karibu na kisima bado inamsumbua, na tunaifanyia kazi. Jirani yake alimuuliza kwa nini siku hizi hachomi majani. Akamjibu, "Na yako nitayachukua, usiyachome."

Basi kesho asubuhi ukishafagia, weka kiberiti chini kwanza. Jaza chupa yako udongo, itikise, utuandikie umeona nini.