Kamasi Si Tusi

Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mama wa mtoto mchanga, aliniomba ruhusa kwa kuwa mwanawe alikuwa na "balghamu puani." Nilipomwuliza kwa nini hakusema kamasi, alijibu kwa haya kwamba neno hilo halitamkwi mbele ya mwalimu.

Ndugu msomaji, kamasi limetendewa dhuluma. Wazee wa pwani walikuwa wakisema "siwezi kamasi," maana yake wana mafua, wala hapakuwa na aliyewakemea. Kisarufi, kamasi na makamasi yamo katika ngeli moja na chozi na machozi, ambayo washairi huyasifu. Yote mawili ni maji ya uso. Ila moja tumelipa heshima, jingine tukalifanya tusi la watoto.

Nalo balghamu si mbadala wake, kwani ni ute utokao kifuani. Tulilipata kwa Waarabu, nao walilitwaa kwa Wagiriki, ambao phlegma yao ilitokana na kitenzi chenye maana ya kuwaka. Hivyo tunalitukuza neno kwa sababu tu limetoka mbali.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la adabu peke yake. Mzazi akimwambia daktari kwamba mwanawe ana balghamu, daktari atapima kifua, ilhali ugonjwa uko puani. Mwanafunzi wangu nilimpa ruhusa, nikamsihi kwamba afikapo zahanati aseme kamasi, tena kwa sauti.